Jakom wa Kura Nane

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua chuo kikuu cha umma chenye vitivo vitano. Kila kitivo kinachagua wajumbe watatu, jumla yao 15, na hao ndio wanaoingia chumbani kuwachagulia wanafunzi wote viongozi. Wawili wakiwania kiti cha mwenyekiti, au jakom kwa Kijaluo, aliyepata kura nane ameshinda. Wanafunzi wengine, wawe 3,000 au 10,000, hupata habari kwenye WhatsApp.

Hivyo ndivyo Bunge la Kenya lilivyoigeuza Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 mwishoni mwa mwaka wa 2016. Kabla ya hapo, katika vyuo vingi, kila mwanafunzi alipanga foleni na kitambulisho chake na kumpigia kura amtakaye. Marekebisho yakaleta wajumbe. Wanafunzi wa kila idara, skuli au kitivo huchagua watatu ambao si wagombea na ambao si wote wa jinsia moja. Wajumbe hao nao, katika muda wa siku 30, huchagua mwenyekiti, naibu wake ambaye lazima awe wa jinsia tofauti na yake, katibu mkuu, mweka hazina na wengine watatu wa kuyawakilisha makundi yenye mahitaji maalumu. Muhula ni mwaka mmoja, na kiongozi akitaka kurudi, anarudi mara moja tu.

Kuna mwanya ambao wengi huupita bila kuutazama. Chuo kikihesabu wajumbe kwa idara, na idara ziwe 20, wajumbe watakuwa 60. Kikihesabu kwa vitivo vitano, ni wale 15 tuliowaona. Sheria ni ileile na wanafunzi ni walewale, lakini chuo kimoja kina wapiga kura mara nne ya kingine, na uamuzi huo hufanywa mezani kabla mgombea yeyote hajachapisha bango.

Jambo hili linahusu vyuo vyote vya Kenya, ila Migori na Homa Bay linaonekana wazi zaidi, kwa sababu vyuo vikuu vya kaunti hizo mbili vilikua ndani ya utaratibu huu. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoko kwenye vilima vya Kitere, Migori, kilianza 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati yake Oktoba 2016, wiki chache tu kabla ya marekebisho kupita. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Maseno na kikapewa hati 2022. Kwa maneno mengine, tangu viwe vyuo kamili vinavyojitegemea, vizazi karibu vyote vya wanafunzi wake vimejua siasa za wajumbe pekee. Nairobi, Moi na Kenyatta wana wazee wa kuwasimulia jinsi kamkunji, yaani mkutano wa hadhara wa wanafunzi, ilivyokuwa ikiamua nani awe nani. Rongo na Tom Mboya hawana wazee hao.

Kwa nini Bunge lilifika huko? Jibu fupi ni Nairobi, Aprili 2016. Tarehe 1 mwezi huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipiga kura, na Paul Ongili Owino, maarufu kama Babu Owino, akatangazwa tena mwenyekiti wa chama chao, SONU. Wapinzani wake wakadai kura zimeibwa. Zikafuata siku za mawe, moto na vitoa machozi, na chuo kikafungwa. Babu alikuwa amekalia kiti hicho kwa mihula kadhaa, kampeni zake zikifanana na za mbunge kuliko za mwanafunzi. Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge wa Embakasi Mashariki, akarudishwa tena 2022. Waliotunga marekebisho walisema wanataka kuondoa pesa za wanasiasa, ukabila na fujo vyuoni. SONU yenyewe ikazikwa, na mahali pake pakaja chama kipya, UNSA.

Lengo halikuwa baya, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Uchaguzi wa moja kwa moja katika chuo kikubwa ulikuwa umegeuka biashara: fulana, matatu za kukodi, wasanii, vijana wa kulinda mabango na vijana wa kuyachana. Mzazi wa Ndhiwa au Kuria aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hakuwa na sababu ya kufurahia chuo kufungwa mwezi mzima kwa ajili ya kiti cha jakom. Sheria hiyo pia ilifanya jambo ambalo miaka yote ya kamkunji haikulifanya, yaani kuweka ukomo wa mihula miwili ya mwaka mmoja mmoja. Peke yake, ukomo huo unatosha kumzuia mtu kuugeuza uanafunzi kuwa kazi ya kudumu.

Tatizo ni pesa. Tuseme mgombea ana shilingi 200,000, ziwe zake au za mheshimiwa fulani anayemtazama kama kijana wake wa baadaye. Akizigawa kwa wapiga kura 6,000, kila mmoja anapata shilingi 33, ambazo hazimshibishi mtu hata chapo madondo kwenye kibanda cha nje ya lango. Itabidi azungumze, aeleze sera, ajibu maswali. Sasa zigawe kwa wajumbe 15: kila mmoja anaondoka na zaidi ya 13,000, kodi ya chumba kwa miezi kadhaa. Na kwa kuwa anahitaji wanane tu, akiwa na roho ngumu atawapa 25,000 kila mmoja na kuwaacha wale saba wakilalamika. Sheria iliyokuja kuifukuza pesa imeishia kuipa nguvu, kwa kuwa mnunuzi sasa ana watu wachache wa kuwafuata, na anawajua kwa majina.

Aliyepitia chuo kikuu cha Kenya miaka hii ya karibuni hakosi simulizi za usiku wa mwisho. Jioni, wajumbe wa upande mmoja wanaitwa "mkutano wa mkakati". Matatu inasubiri na taa zimezimwa. Wanapelekwa gesti ya mji mwingine, simu zinakusanywa ndani ya mfuko wa plastiki ili upande wa pili usiwafikie na dau kubwa zaidi, nyama inachomwa, na mtu mmoja anakaa mlangoni hadi alfajiri. Asubuhi wanarudishwa moja kwa moja hadi kwenye chumba cha kura, wengine na shati la jana. Anayekataa kupanda gari hilo huonwa kuwa amekwisha kununuliwa na wale wengine. Si kila chuo na si kila mwaka, lakini simulizi hizi ni nyingi na zinafanana mno kupuuzwa. Wala hakuna kipya ndani yake kwa mtu aliyewahi kuona wajumbe wa chama cha siasa wakifichwa hotelini, au madiwani wakisafirishwa nje ya kaunti kabla ya kupiga kura ya kumng'oa gavana. Wanafunzi wameiga wanachokiona kwa wakubwa wao.

Kwa wakubwa wa kaunti hizi mbili, mashindano yenyewe kwa miaka mingi yamekuwa kupata tiketi ya chama cha ODM. Uchaguzi mkuu huja baadaye, mara nyingi kama kuthibitisha tu. Homa Bay, 2022, Gladys Wanga alibeba bendera ya chama hicho katika uchaguzi wa ugavana na kumshinda Evans Kidero, gavana wa zamani wa Nairobi aliyesimama bila chama. Migori, Ochilo Ayacko alishindwa kuupata ugavana 2017 akiwa mgombea huru na kuupata 2022 akiwa na tiketi. Kijana aliyekulia katika siasa za namna hiyo hashangai kuona uchaguzi wa chuo ukiamuliwa chumbani kabla ya siku yake. Anaona ni kawaida, na hapo ndipo penye hatari: chuo, mahali ambapo angejifunza namna nyingine, kinamfundisha ileile.

Hata hivyo, siasa za huku zina masomo mengine ambayo wagombea wa chuo hawayatumii vya kutosha. Junet Mohamed, wa jamii ya Wasomali, amekuwa mbunge wa Suna Mashariki tangu 2013 katika eneo ambalo wapiga kura wengi ni Wajaluo. Mbunge wa Nyatike, Tom Odege, alijulikana kwanza kama katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa serikali, akiwatetea watu kuhusu mishahara. Yaani mpiga kura wa Migori, akipewa sababu, huvuka ukoo. Vyuoni, kwa upande mwingine, bado inaaminika kwamba timu haiwezi kusimama bila mizani ya makabila: mwenyekiti Mjaluo, naibu Mkisii, katibu Mluhya, mweka hazina kutoka Mlima Kenya, na Mkuria atafutiwe kitu. Mfumo wa wajumbe umeikuza hesabu hiyo badala ya kuipunguza. Wapiga kura wakiwa wachache, mgombea anaweza kuorodhesha kabila la kila mmoja kwenye karatasi moja na kugawa vyeo kabla ya kuandika sera hata moja.

Hapa wanaoutetea mfumo wana hoja, na si ndogo. Huduma ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, huleta Rongo na Homa Bay vijana kutoka kila pembe ya nchi. Kwa kura ya moja kwa moja, mwanafunzi wa Kwale au Turkana angepata wapi kura za kutosha? Kwa wajumbe, angalau kuna mazungumzo, na wachache hukumbukwa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Anayekumbukwa ni mwakilishi wa kabila dogo aliyejua kupatana bei. Wenzake waliobaki mabwenini hawakuulizwa kitu, na kiti alichopewa hakiwadai wao chochote.

Upande wa wanawake, sheria inastahili sifa zaidi. Sharti la mwenyekiti na naibu kuwa wa jinsia tofauti limefungua mlango ambao mikutano ya hadhara, na vijana wake wa kupiga kelele, ilikuwa imeufunga. Mwaka wa 2021 Anne Mvurya alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa msichana wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mifano iko jirani zaidi. Phoebe Asiyo aliingia Bungeni kama mbunge wa Karachuonyo 1979, na 1997 akawasilisha hoja ya kuwatengea wanawake nafasi katika uongozi. Leo Homa Bay ina gavana mwanamke, na katika uchaguzi wa 2022 maeneo bunge yake matatu kati ya manane yalichagua wanawake: Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini, Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul. Ukivuka mpaka kuingia Migori, maeneo bunge nayo ni manane, na mwaka huo yote yalichagua wanaume. Kaunti hizo zinapakana, na kwa sehemu kubwa zina lugha moja na chama kimoja, lakini mgombea wa kike wa Rongo anaanza mbali kuliko mwenzake wa Homa Bay. Vyuoni kote, hata hivyo, mtego ni uleule: wanawake wengi huishia kuwa manaibu, kwa kuwa timu zinamtafuta msichana wa kutimiza sharti baada ya mvulana kukwisha kujitangaza.

Mwenyekiti huyo wa kura nane, akishaapishwa, anafanya nini?

Sheria inampa kazi tatu hivi: kupanga na kusimamia shughuli za wanafunzi, kufikisha shida zao kwa wakuu wa chuo, na kuipa Seneti ya chuo mapendekezo kuhusu ustawi wao. Kupunguza karo hakumo. Hata hivyo ndiyo ahadi inayoshangiliwa zaidi kwenye kamkunji. Tangu 2023 ufadhili wa masomo unapangwa Nairobi, kwa mfumo unaowagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, kisha kuwapa sehemu kama ufadhili na sehemu kama mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyobaki alipe mzazi. Mfumo huo umelalamikiwa nchi nzima. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Katika mvutano wa namna hiyo, jakom wa Rongo au Tom Mboya anaweza kuandika barua, kuungana na wenzake wa vyuo vingine, kuitisha maandamano. Kubadilisha kiwango cha karo, hawezi. Anayeahidi hilo ama hajaisoma sheria au anawadanganya wenzake.

Kazi anayoiweza ni ndogo kwa sura na kubwa kwa mwenye shida. Tazama suala la alama zilizopotea. Mwanafunzi wa mwaka wa nne ana matokeo ya masomo yote isipokuwa moja la mwaka wa pili, ambalo kwenye mfumo wa chuo lina kistari tu mahali pa alama. Mhadhiri anasema alipeleka karatasi. Idara inasema haikupokea. Ofisi ya mitihani inamrudisha idarani. Mhadhiri mwenyewe alikuwa wa muda na mkataba wake umekwisha; sasa yuko chuo kingine na hashiki simu. Orodha ya mahafali inafungwa, jina halimo, na mwaka mzima wa ajira unapotea kwa sababu ya kistari. Kiongozi anayejua kuingia ofisini na orodha ya majina 40 ya namna hiyo, tarehe na saini, akarudi wiki ijayo na nyingine, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za mwaka. Ndivyo pia kwa maji ya bwenini, taa za njia ya kutoka maktaba usiku, na mwenye ploti anayepandisha kodi kila muhula kwa kujua mabweni ya chuo hayatoshi.

Halafu kuna ada ya chama, ambayo haizungumzwi sana. Wanafunzi hukatwa kiasi fulani kila mwaka kwa ajili ya baraza lao. Tuseme ni shilingi 500 na wanafunzi ni 5,000: hizo ni milioni 2.5. Ni wanafunzi wangapi wa chuo chochote nchini wamewahi kuona hesabu za pesa hizo zikibandikwa ukutani? Mgombea anayetumia 200,000 kutafuta kazi ya mwaka mmoja isiyo na mshahara ana haki ya kuulizwa anatarajia kuzirudisha kutoka wapi. Mwenyekiti aliyechaguliwa na wanane anawajibika kwa wanane, nao hawana sababu ya kumdai hesabu, walikwisha kulipwa.

Zamani gharama ya kuwaongoza wanafunzi ilikuwa nyingine kabisa. Titus Adungosi alichaguliwa mwenyekiti wa kwanza wa SONU mwaka wa 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 alikamatwa, akafungwa miaka kumi, na akafia gerezani 1988. Mwandawiro Mghanga, mwenyekiti wa baadaye, alifungwa baada ya polisi kuvamia mkutano wa wanafunzi Februari 1985. Miaka mingi mbele alikuwa mbunge wa Wundanyi. Novemba 1987 ilikuwa zamu ya mwenyekiti mwingine, Wafula Buke: SONU ikapigwa marufuku na yeye akahukumiwa miaka mitano kwa madai ya kuipelelezea Libya. Solomon Muruli, kiongozi mwingine wa wanafunzi wa Nairobi, alikufa Februari 1997 baada ya mlipuko na moto chumbani mwake katika kampasi ya Kikuyu. Wala mambo hayo hayakwisha na karne iliyopita. Februari 27, 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, Evans Njoroge, aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano kuhusu karo na uongozi wa chuo.

Ukiwaweka watu hao kando ya mgombea wa leo anayehesabu wajumbe, ni rahisi kumdharau huyu wa leo. Haitakuwa haki. Adungosi na Buke walikabili dola iliyowaogopa kwa sababu nyuma yao kulikuwa na maelfu waliowachagua kwa mikono yao. Kiongozi wa sasa hana umati huo. Mkuu wa chuo akimwambia "wewe umechaguliwa na watu wachache," hana jibu. Waliotaka vyuo vitulie walipata utulivu kwa njia hiyo: kiongozi asiye na watu hasumbui. Huenda hilo ndilo lililowapendeza baadhi ya waliounga mkono marekebisho kuliko habari ya ukabila na pesa.

Majirani wamepitia njia nyingine. Dar es Salaam, Julai 1971, mwenyekiti wa wanafunzi wa chuo kikuu, Symonds Akivaga, ambaye alikuwa Mkenya, aliandika barua ya wazi kumlaumu makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa. Askari wakamchukua kampasini na akarudishwa Kenya, wanafunzi wenzake wakagoma kumtetea. Serikali za wanafunzi nchini Tanzania zimewahi kubanwa mara nyingi baada ya hapo, lakini hadi leo wanafunzi wa huko wana rais na bunge lao, na kampeni ni za wanafunzi wote. Makerere nayo ilikuwa na balaa kubwa kuliko la Nairobi: Julai 2022, katika kampeni za urais wa wanafunzi, kijana wa chuo kingine aliuawa kwa kuchomwa kisu. Uchaguzi ukasimamishwa. Ungetarajia Waganda wawaondolee wanafunzi kura. Badala yake mikutano ya kampeni ndiyo iliyopigwa marufuku, na Novemba mwaka huo wanafunzi wakamchagua Robert Maseruka kwa kura ya kielektroniki. Waliondoa fujo, wakaacha kura.

Kwa nini basi kijana wa Homa Bay au Migori ajisumbue kugombea? Wengi hutaja ngazi ya siasa, na mifano ipo jirani kabisa. James Orengo, gavana wa Siaya, aliongoza wanafunzi wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufikia 1980 alikuwa mbunge. Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu, alikuwa rais wa wanafunzi Makerere. Lakini kwa kila Orengo kuna makumi ya wenyeviti wa zamani ambao hakuna anayekumbuka majina yao hata kampasini kwao. Na mtu ambaye chuo cha Homa Bay kimepewa jina lake hakupanda kwa ngazi hiyo. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi, akajenga jina kwa kupanga vyama vya wafanyakazi, na akaenda kusoma Oxford mwaka mmoja tu, 1955 hadi 1956, akiwa tayari kiongozi. Mwaka wa 1959 alipanga ndege ya kwanza ya kupeleka wanafunzi 81 Marekani. Aliuawa 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38, na amezikwa kisiwani Rusinga. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuketi na mwajiri akiwa na takwimu mkononi na wanachama nyuma yake. Baraza la wanafunzi lingeweza kuwa shule ya ustadi huo, kama lingekuwa na wanachama nyuma yake.

Juni 2024 ilionyesha pengo hilo. Vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni tarehe 25, walijisifu kwamba hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu wenye mabaraza yaliyochaguliwa kihalali kwa mujibu wa sheria ya 2016, na hakuna aliyeyatafuta mabaraza hayo. Simu zilitosha kuwaita watu. Hazitoshi, hata hivyo, kuketi mbele ya Seneti na orodha ya alama zilizopotea, kazi inayohitaji mtu mwenye jina, cheo na watu wa kumwajibisha. Ndiyo maana jibu si kuyafuta mabaraza wala kuyapuuza.

Kura irudi kwa kila mwanafunzi. Zile sababu za 2016 zinaweza kujibiwa bila wajumbe. Kila mwanafunzi ana namba ya usajili na akaunti kwenye mfumo wa chuo, mahali anapojisajili masomo na kutazama matokeo. Anaweza kupigia kura hapo hapo, bila foleni na bila vijana wa kulinda masanduku. Ukomo wa mihula miwili ubaki. Sharti la jinsia libaki, na liimarishwe ili lisiishie kwa manaibu. Gharama za kampeni ziwekewe kikomo, na hesabu za ada ya chama zichapishwe kila muhula kabla baraza halijapewa shilingi nyingine.

Wakati Bunge likisubiriwa, Rongo na Tom Mboya wana mambo mawili ya kufanya bila kumwomba mtu ruhusa. La kwanza, wahesabu wajumbe kwa idara, si kwa kitivo, ili wanunuzi wakutane na watu wengi zaidi. La pili, mdahalo wa wazi ufanyike mbele ya wanafunzi wote kabla wajumbe hawajaingia chumbani, na kila idara iwatangazie wajumbe wake, hadharani, inamtaka nani. Mjumbe atakayekwenda kinyume atakuwa na kazi ya kuwaeleza wenzake darasani kwa nini.

Na wewe unayekusudia kugombea, ilani yako ianze na ada ya chama na alama zilizopotea, na iache karo. Mabadiliko ya sheria yenyewe ni kazi ya Bunge, na Migori na Homa Bay zina wabunge 16 wa maeneo bunge, ukiwaacha kando maseneta na wawakilishi wa wanawake. Mswada wa kuwarudishia wanafunzi kura unahitaji mbunge mmoja tu wa kuuwasilisha.